Muulize nesi wa macho: Usiuze shamba kwanza

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Muheza. Baba yangu ana miaka 58, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu ujana wake alikuwa haoni vizuri giza likiingia, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukimshika mkono kwenda msikitini swala ya Isha. Baadaye akaanza kugonga miimo ya milango na kukanyaga vifaranga mchana kweupe. Sasa anaona mwanga wa dirishani tu. Hospitali walituambia retina imekufa, tukarudi nyumbani. Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko Muscat alitutumia video ya wazee wa Ulaya waliowekewa chipu ndani ya jicho, eti sasa wanasoma. Kuna mtu tumempata WhatsApp, anasema atampeleka baba huko, ila anataka amana ya shilingi milioni 6 kabla ya mwisho wa mwezi. Tumekaa kikao cha ukoo tukakubaliana kuuza nusu ya shamba la michungwa. Mama, hii chipu ni ya kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chipu ni ya kweli. Huyo mtu wa WhatsApp msimpe hata senti, na shamba msiliuze. Nisomee hadi mwisho, kisha mrudi kwenye kikao mkiwa na barua hii mkononi.

Nianze na jicho lenyewe. Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho kwa ndani, nao una matabaka. Tabaka la nyuma kabisa ni seli zinazopokea mwanga, zaidi ya milioni 100 katika kila jicho. Zenyewe zinaugeuza mwanga kuwa ishara ya umeme mdogo na kuikabidhi kwa seli za katikati. Za katikati zinaipeleka kwa seli za mbele, ambazo mikia yao, kiasi cha milioni 1, inasokotwa pamoja kama kamba na kuwa mshipa mmoja unaokwenda kwenye ubongo. Maradhi unayoyaeleza, ya kuanza kukosa usiku, kisha pembeni, kisha kila mahali, yanafanana sana na yale yanayoitwa retinitisi pigmentosa. Hayo huua seli za kupokea mwanga. Lakini zile za katikati na za mbele, nyingi hubaki hai miaka mingi baadaye. Mzee wako ni mwalimu, atanielewa nikisema ni darasa lililojaa wanafunzi ambalo mwalimu wake hayuko tena. Wanafunzi wamekaa, wanasubiri. Watu wanaotengeneza chipu za jicho wanachotafuta ni namna ya kusema na hao wanafunzi kwa umeme.

Nayajua haya kwa sababu ya kazi, miaka 31 kwenye kliniki za macho za mkoa huu, lakini nayajua zaidi kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa mvuvi wa dagaa Pangani. Usiku baharini aliiona taa ya karabai lakini hakuiona kamba iliyo miguuni pake, akawa anajikwaa ndani ya ngalawa. Wenzake wakasema ameanza kunywa, wengine wakasema amerogwa. Alipofika miaka 40 alikuwa anaiona dunia kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likazidi kuwa jembamba mpaka likaziba.

Februari 2013 nilisoma kwamba Marekani imeidhinisha jicho la umeme liitwalo Argus II. Nililipia uchapishaji wa kurasa zote kwenye duka la intaneti, nikapanda basi la Pangani siku hiyohiyo. Kilikuwa kifaa cha kampuni ya Second Sight ya California, kazi ya miaka mingi ya Dakta Mark Humayun, ambaye bibi yake mwenyewe alipofuka kwa kisukari. Mgonjwa anavaa miwani yenye kamera. Kamera inapeleka picha kwenye kompyuta ndogo ya kiunoni, kompyuta inairahisisha picha na kuirusha bila waya hadi ndani ya jicho, kwenye kijikaratasi chembamba kilichobanwa juu ya retina kwa kipini kidogo. Kijikaratasi hicho kina elektrodi 60, safu 6 kwa 10. Kila moja ikitoa umeme, mgonjwa anaona chembe ya mwanga.

Kaka akaniuliza swali moja: "Nitauona uso wa mke wangu?"

Sikuwa na jibu la kumwambia kwa mdomo. Nikaenda jikoni, nikachukua sinia na kunde, nikahesabu punje 60. Nikazipanga 6 kwa 10, kisha nikaondoa zile ambazo zingekuwa giza, nikaacha umbo la mlango. Nikamshika mkono apapase. Akapapasa, akasema, "Huu mlango." Nikapanga upya nikijaribu uso. Macho, pua, mdomo. Alipapasa muda mrefu, mara mbili, mara tatu. Akasema, "Hizi ni kunde tu." Na kweli ndivyo ilivyokuwa kwa waliowekewa Argus II: waliweza kutambua mlango ulipo, ukingo wa njia, sahani nyeupe juu ya meza nyeusi, na baadhi yao herufi kubwa wakipewa muda. Nyuso hapana. Bei ya kifaa peke yake ilikuwa kama dola 150,000, bila upasuaji.

Sikudharau hata kidogo. Mtu aliyekaa gizani miaka 20, kuujua mlango bila kupapasa ukuta ni kitu kikubwa, na nilitamani kaka yangu akipate. Ninachokuomba ni mjue mnanunua nini.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya nikujibu kwa ukali kuhusu shamba. Zaidi ya watu 350 duniani walikuwa wamewekewa vifaa hivyo. Mwaka 2019 kampuni iliacha kutengeneza Argus II. Mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, wafanyakazi wengi wakaachishwa. Mtu ambaye kompyuta yake ya kiunoni imeharibika akawa hana pa kuipeleka, wengine wakahangaika kutafuta vipuri wao wenyewe, na kile cha ndani ya jicho kimebaki humohumo, kimya. Ujerumani nako ilikuwa hivyo. Profesa Eberhart Zrenner wa Tübingen na wenzake walitengeneza chipu ya milimita 3 kwa 3 yenye vipokea mwanga 1,500, ikakaa chini ya retina. Kazi nzuri ya kisayansi. Kampuni yake ikafungwa mwaka huohuo wa 2019. Kwa hiyo, mwanangu, vifaa hivyo viwili vilikuwa vimeidhinishwa kwa maradhi kama ya baba yako, na leo hakuna hata kimoja kinachouzwa. Anayekwambia atampeleka baba akawekewe, muulize anamwekea kipi.

Ile video ya binamu yako ni ya kitu kingine, nacho kinaitwa PRIMA. Hiki kimenipa furaha kubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Alikibuni Dakta Daniel Palanker, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kikaendelezwa Ufaransa. Ni kipande cha milimita 2 kwa 2, unene wake mikromita 30, chembamba kuliko unywele. Hakina waya wala betri. Fikiria paneli ya sola juu ya bati lako, kisha uifanye ndogo mpaka itoshe kwenye ncha ya kalamu, uigawe vyumba 378, wataalamu wanaviita pikseli, uisukumie chini ya retina. Miwani yenye kamera inaichukua picha na kuirusha ndani ya jicho kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Kila chumba kinachopigwa na mwanga huo kinatoa umeme wake chenyewe, na umeme unaziamsha seli za katikati, zile nilizoziita wanafunzi.

Oktoba 2025 matokeo yalichapishwa. Wagonjwa 38 katika hospitali 17 za nchi 5 za Ulaya, zikiwemo Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Waliofika mwaka mzima na kupimwa ni 32, na kati yao 26 uwezo wao wa kusoma herufi za kliniki uliongezeka kwa kiwango ambacho daktari yeyote atakihesabu kuwa ni faida. Wengi wanasoma herufi, namba na maneno nyumbani kwao. Nilipoisoma taarifa ile nilikaa kitako. Miaka 31 nimeshika chati ya herufi mbele ya watu wasioiona, na nimezoea kuikunja.

Lakini wagonjwa wale walikuwa na maradhi mengine, si ya baba yako. Walikuwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, retina yao imeliwa katikati kwa uzee, pembeni bado wanaona. Wanachopata ni picha isiyo na rangi, katikati tu, nao walifundishwa kwa miezi jinsi ya kuisoma. Upasuaji wenyewe ulileta matatizo makubwa kwa nusu yao, kama presha ya jicho kupanda, retina kuchanika pembeni na damu kuvuja, mengi katika miezi 2 ya mwanzo, na mengi yakatibika. Nayasema haya kwa sababu kwenye video hayaonyeshwi.

Na hao walikuwa ndani ya utafiti. Utafiti halali wa tiba hautozi mgonjwa amana ya kupata nafasi. Una daktari mwenye jina, hospitali yenye jina, na fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa anasomewa mpaka aelewe ndipo atie sahihi. Huyo wa kwenu ana namba ya simu tu.

Fedha ya nauli mliyonayo itumieni hivi. Mrudisheni mzee kwa daktari bingwa wa retina, Moshi pale KCMC au Dar es Salaam, na msitoke bila jina kamili la maradhi limeandikwa kwenye karatasi. "Retina imekufa" si jina. Mwombeni daktari aangalie mambo mawili: mtoto wa jicho, na uvimbe wa katikati ya retina. Wenye retinitisi pigmentosa huvipata vyote viwili mara nyingi, na vyote vina matibabu. Kaka yangu alitolewa mtoto wa jicho mwaka 2016. Hakupona, lakini mwanga wa dirishani ukarudi kuwa mweupe badala ya ukungu, na akaweza tena kujua mke wake amesimama upande gani wa chumba. Upasuaji ule ulichukua chini ya saa moja, na gharama yake haikumfanya mtu yeyote auze hata mnazi mmoja.

Wewe na ndugu zako mkapimwe pia, maana haya maradhi hutembea kwenye damu. Na mzee apewe fimbo nyeupe na simu inayosoma maandishi kwa sauti. Mwalimu aliyekaa bila kusoma anaumia kuliko anavyosema.

SWALI: Dada nesi, nakusalimu kutoka Bujumbura. Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho miaka 4 iliyopita. Nimesikia za chipu ya jicho. Je, kwake inafaa?

JIBU: Haifai, dada yangu, na naumia kukuandikia hivyo. Presha ya macho inaua ule mshipa unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Chipu ikikaa kwenye retina, ishara yake lazima ipite mshipa huohuo, na njia imekatika. Ndiyo maana wapo watafiti wanaoliruka jicho zima na kuweka elektrodi juu ya ubongo wenyewe, kule nyuma ya kichwa panapopokea picha. Giles Brindley alifanya hivyo Cambridge, Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1968, na mgonjwa wake akaona chembe za mwanga. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado ni kazi ya maabara na wagonjwa wachache wa majaribio.

Wewe mwenyewe una umri gani? Hukuandika. Mtoto wa mtu mwenye presha ya macho yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na maradhi hayo hayaumi wala hayawashi mpaka yamekwisha kula. Nenda ukapimwe presha ya jicho na mshipa wake wiki hii, wewe na wote mliozaliwa na mama huyo. Ukikutwa nayo mapema, dawa ya matone kila siku itakulindia macho uliyonayo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Mombasa. Mwalimu wa fizikia alitueleza kuhusu chipu ya retina yenye pikseli 378. Simu ya mama yangu ina kamera ya pikseli milioni 50. Mbona wanasayansi wasiweke milioni 50 kwenye jicho? Nataka kusomea kazi hii.

JIBU: Marahaba binti yangu, swali lako limenifurahisha wiki nzima.

Kamera ya simu inapokea tu. Chipu ya jicho inapokea halafu inatakiwa kusema, tena kwa seli hai zilizolowa maji ya chumvi. Hapo ndipo kazi ilipo. Umeme ndani ya maji ya chumvi hausimami mahali ulipouweka, unasambaa. Ukiweka pikseli mbili karibu mno, umeme wa moja unamwagikia wa pili na mgonjwa anaona doa moja pana badala ya nukta mbili. Palanker na wenzake walizungushia kila pikseli ukingo wa kuurudisha umeme nyumbani, ndiyo maana PRIMA ikaweza kuwa na pikseli za upana wa mikromita 100. Lakini ukizidi kuipunguza pikseli na kuubana umeme wake, unakuwa mfupi, haupandi hadi kwenye seli unayotaka kuiamsha. Ukiongeza nguvu ili upande, unaikaribia nguvu inayounguza. Sasa Stanford wanazijaribu pikseli za mikromita 20 kwenye macho ya panya.

Kuna na jambo la nani unayemgusa. Argus II ilikaa juu ya retina, pale ile mikia inayokwenda kwenye mshipa inapopita. Elektrodi ilikusudia kugusa seli moja, ikaamsha pia mikia iliyokuwa inapita tu kutoka mbali, na mgonjwa akaona mchirizi badala ya nukta. PRIMA inakaa chini, upande wa seli zilizokufa, inasema na seli za katikati, na nukta zake zinakuwa nukta kweli. Wala wingi peke yake hautoshi, maana ile chipu ya Ujerumani nayo ilikaa chini ya retina, ilikuwa na vipokea mwanga 1,500, na haikusomesha watu kama hii ya 378.

Na chumvi yenyewe! Wewe unakaa Mombasa, unajua misumari ya bati inavyoliwa kwa upepo wa bahari tu. Sasa weka umeme ndani ya maji ya jicho, miaka 10, 20, usipenye hata unyevu. Ukisomea kazi hii, fizikia na kemia usizitenganishe.

Nikupe zoezi. Chukua karatasi ya miraba, chora mstatili wa miraba 21 kwa upana na 18 kwa urefu. Hiyo ni miraba 378 kamili, ingawa ya kwenye chipu imepangwa kama sega la nyuki. Sasa andika herufi kwa kuipaka rangi miraba, kila herufi upana wa miraba 5 na urefu wa 7, na uache mraba mmoja kati ya herufi na herufi. Jaribu kuandika MAMA kwa mstari mmoja. Utaona A ya mwisho inakosa nafasi kwa miraba 2. Wagonjwa wa PRIMA wanakutana na hilo kila siku, nao wana kitufe cha kukuza picha, hadi mara 12, kwa hiyo wanaivuta herufi moja mpaka ijae, wanaisoma, wanasogeza kichwa, wanaisoma inayofuata.

Ukimaliza MAMA, jaribu kuchora uso ndani ya miraba hiyohiyo, halafu nitumie karatasi kupitia anwani ya gazeti. Nitampelekea kaka yangu. Nitaitoboa kwa sindano nyuma ya kila mraba uliopaka, apapase.